Walden Pond na mji wa Concord, Massachusetts: nilienda kuwatafuta Watransendentali, haya ndo niliyoyakuta

Kama unaenda Concord, anza na ziwa. Wengi wakishuka tu kwenye treni wanakimbilia makumbusho, wanajazwa majina na miaka mpaka kichwa kinauma, afu wakija kufika Walden jioni wameshachoka, wanapiga picha mbili wanageuza. Mi nilianza na maji na nashukuru sana, maana hawa Watransendentali, waandishi na wachungaji wa Massachusetts wa miaka ya 1830 na 1840 walioamini kwamba Mungu yumo ndani ya kila mtu na kwenye maumbile, wenyewe walikuwa watu wa kutoka nje kwanza, vitabu vitafuata.

Tulikuwa wawili, mi na mdogo wangu wa kike, mwezi wa kumi, siku mbili. Kutoka Boston unapanda treni ya Fitchburg pale North Station unashukia Concord, haifiki saa nzima, afu unatembea kama maili moja na nusu hivi. Kabla hujafika stesheni treni inalipita ziwa karibu kabisa, unaliona katikati ya miti, na reli ni ileile iliyofika pale 1844, mwaka mmoja kabla Thoreau, yule mwandishi aliyejijengea kibanda pale ziwani, hajahamia, kwa hiyo ule mlio wa treni unaokukatiza mawazo ukiwa umekaa ufukweni ujue hata yeye ulikuwa unamkatiza. Wenye gari mjue maegesho ni ya kulipia, gari yenye namba za nje ya Massachusetts inalipa zaidi, na siku za joto yakijaa wanafunga wanarudisha watu, kwa hiyo wahini asubuhi. Mbwa hawaruhusiwi.

Karibu na maegesho wamejenga nakala ya kibanda cha Henry David Thoreau. Futi 10 kwa 15. Kitanda chembamba, meza, dawati, viti vitatu. Basi. Mdogo wangu alisimama mlangoni kwa muda akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo huyu alikaa humu kwa kupenda?" Nikamwambia ndiyo, kwa kupenda kabisa, na alikuwa amesoma Harvard. Alihamia tarehe 4 Julai 1845 akatoka tarehe 6 Septemba 1847, kwenye kiwanja cha rafiki yake Ralph Waldo Emerson, na gharama za ujenzi aliziandika zote mpaka senti: dola 28 na senti 12 na nusu. Kwenye orodha yake kuna madirisha mawili ya mtumba, matofali elfu moja ya zamani, misumari, bawaba, hata chaki imo. Na vile viti vina hesabu yake, kimoja cha kukaa peke yako, cha pili rafiki akija, cha tatu wakija watu.

Nakitaja hicho kiti cha tatu kwa sababu kuna maneno yamezoeleka kwamba Thoreau alikuwa muongo, anajifanya mtu wa porini kumbe anarudi kula kwao. Mi naona wanamwonea. Kijijini alikuwa anaenda kila baada ya siku moja mbili na ameliandika hilo mwenyewe waziwazi. Hakuwaambia watu wote wahamie msituni. Alitaka kujua mtu anahitaji nini hasa ili aishi na kipi ni mzigo aliojitwisha tu, akaona njia ni kupunguza mpaka abaki na vichache afu aangalie kinachotokea.

Halafu kuna habari ya kina cha ziwa, hii ndo imenifanya nimpende zaidi. Watu wa pale walikuwa wanaamini Walden halina mwisho, ukizama ndo umekwenda hivyo, chini hakuna. Yeye mapema 1846 ziwa likiwa limeganda akapita juu ya barafu na kamba ya kuvulia imefungwa jiwe, anatoboa anashusha, anatoboa anashusha, sehemu baada ya sehemu, mwisho akapata futi 102 pale penye kina kuliko pote, na vipimo vya siku hizi vinakubaliana naye. Hebu fikiria, mtu anaamini kabisa kwamba Mungu yumo kwenye haya maji, na bado anashika kamba na jiwe apime. Nilipokuwa nimekaa kwenye mchanga pale nilikuwa naiona hiyo kamba inashuka. Wanaosema hawa jamaa walikuwa waota ndoto hawajaisoma hiyo sehemu.

Njia ya kuzunguka ziwa ni rahisi, hata mzee anaimudu akienda taratibu, na upande wa pili utakuta pale kibanda halisi kilipokuwa. Pamewekwa nguzo fupi za mawe, maana msingi wake ulikuja kugunduliwa 1945, na pembeni kuna lundo la mawe ambalo wageni wameanza kuliweka tangu 1872. Tulikaa pale karibu saa nzima, na ndo pale nilijaribu kumweleza mdogo wangu hii imani yenyewe ni nini maana alikuwa amenisindikiza tu bila kujua.

Emerson alikuwa mchungaji wa Waunitaria, Wakristo wasioamini Utatu, kule Boston. Mke wake wa kwanza alikufa kwa kifua kikuu 1831 akiwa na miaka 19 tu, na mwaka uliofuata Emerson akaacha uchungaji kwa sababu alishindwa kuendelea kugawa Meza ya Bwana kama desturi wakati moyoni haimwambii kitu. 1836 akatoa kitabu kidogo kuhusu maumbile, na Septemba mwaka huohuo yeye na wenzake kadhaa, wengi wao wachungaji, wakaanza kukutana majumbani kuzungumza. Hilo neno Utransendentali linatisha ila mzizi wake ni Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani, aliyesema akili ya mtu ina namna yake ya kupanga vitu hata kabla macho na masikio hayajaleta habari yoyote. Hawa wa Massachusetts wakalichukua wakalipeleka mbali kuliko Kant mwenyewe alivyokusudia. Wakasema kuna kujua kunakotoka ndani, hukupewi na mchungaji wala hukusomi popote, na kila mtu anako, msomi na asiyesoma, mwanamke na mwanaume. Wakasema kati ya roho ya mtu na roho ya Mungu hakuna ukuta, kuna Roho Kuu moja ambayo sisi wote tumo ndani yake, na maumbile ndo mahali inapoonekana wazi zaidi, ndo maana ukikaa kimya mbele ya maji unahisi kama kuna mtu mnafahamiana yuko pale.

Mdogo wangu akasema, "Mbona hii haiko mbali na mambo ya Kihindi?" Na kweli. Thoreau alikuwa na Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, anaisoma asubuhi palepale ziwani, na wakati wa baridi ya 1846 kuingia 1847 walipokuja wakata barafu kuipakia kwenda kuuzwa nchi za joto, akawaza kwamba watu wa Madras na Calcutta wanakunywa kwenye kisima chake na yeye anakunywa kwenye Ganges, mto wao mtakatifu.

Sasa hapa sisi wa Kiswahili tuwe makini kidogo. Insha ya Emerson inayojulikana kuliko zote, ya 1841, kichwa chake ukikitafsiri unapata "kujitegemea", na sisi tukisikia kujitegemea akili inakwenda moja kwa moja kwenye Azimio la Arusha, jembe, shamba, taifa lisiishi kwa kuomba. Emerson hakuwa anaongelea hayo. Anaongelea kuiamini ile sauti ya ndani na kutoibadilisha kisa kanisa au chama au majirani wanakukodolea macho. Na kinachomfanya aseme hivyo bila woga ni kwamba kwake ile sauti siyo yako peke yako, ni ileile Roho Kuu, imo kwako na imo kwa mwenzako. Ukiitoa hiyo Roho Kuu ukabakiza "jisikilize wewe", unabaki na kiburi tu. Hiki ndo kitu nilichoenda nacho na ndo kitu kilichoniudhi siku ya pili.

Siku ya pili tulilipia matembezi ya kuongozwa mjini, kundi la watu kama kumi na mbili. Waendeshaji siwataji. Yule mwongozaji ni mcheshi na anajua njia, sina ugomvi naye kama mtu, ila jamani saa mbili nzima ilikuwa jiamini, fuata ndoto zako, achana na wanaokurudisha nyuma, utafanikiwa. Emerson kageuzwa mhamasishaji wa biashara. Roho Kuu haikutajwa hata mara moja. Nikamuuliza kwa upole kuhusu hotuba ya Julai 1838, ile aliyowaambia wanafunzi wa uchungaji Harvard kwamba kanisa linamwongelea Mungu kana kwamba alishakufa, na kwamba Yesu aliona ukuu uliomo ndani ya kila mtu, hotuba iliyomfanya asiitwe tena kuongea Harvard kwa karibu miaka 30. Akasema hiyo ni ya kitaalamu sana kwa matembezi haya. Na tulipopita pale ilipokuwa gereza akasema tu Thoreau alilala hapa usiku mmoja kwa kutolipa kodi, watu wakacheka, tukaendelea. Kutolipa kodi! Yaani hivyo tu.

Ngoja niseme alichokiruka. Julai 1846 Thoreau alikuwa amekaa miaka kadhaa halipi kodi ya kichwa kwa sababu serikali inayoipokea ndo inayolinda utumwa na ndo inayopigana na Mexico. Akakamatwa, akalala ndani, kesho yake akatolewa maana kuna mtu alimlipia, na mwenyewe hakufurahi kulipiwa. Kutokana na usiku huo ikaja ile insha ya 1849 kuhusu kukataa kuitii serikali isiyo ya haki, ambayo Gandhi aliisoma na Martin Luther King aliisoma. Usiku mmoja katika kagereza ka kijijini. Na ukiangalia vizuri ni imani ileile ya kwenye lundo la mawe: kama Mungu yumo ndani ya kila mtu, unamnunuaje mtu? Unamuuzaje?

Na siyo wanaume ndo walioanza. Concord wanawake walikuwa na chama chao cha kupinga utumwa tangu 1837, mama yake Thoreau yumo, mke wa pili wa Emerson, Lidian, yumo, na Emerson mwenyewe alichelewa, ni ukweli lazima usemwe. Tarehe 1 Agosti 1844 ndo alisimama kutoa hotuba kubwa kuhusu kuachwa huru watumwa wa makoloni ya Uingereza kule Karibi, makanisa ya mji hayakutaka, kengele haipigwi, Thoreau akaenda akaivuta kamba ya kengele ya kanisa mwenyewe watu wakaja. Miaka mitatu tu kabla ya hapo kwenye ile insha ya kujitegemea Emerson aliandika sehemu moja ngumu sana kumeza, anauliza wale maskini ni maskini wangu? Anasema hata dola anayotoa kwa watu wasiomhusu anaitoa kwa kinyongo. Nimeisoma mara nyingi nikijaribu kumtetea na sijaweza. Mtu anayesema sisi wote tumo ndani ya Roho moja hawezi kuuliza swali hilo, au akiuliza basi kajisahau. Mi namheshimu zaidi yule wa 1844.

Msitu wa Walden wenyewe una historia ambayo wengi wanaipita. Kabla ya Thoreau, waliokuwa wanaishi pale ni waliokuwa watumwa hapohapo Concord na wakaachwa huru bila kitu. Kuna kilima kinaitwa Brister's Hill, kwa jina la Brister Freeman, aliyekuwa mtumwa akajiita Freeman, mtu huru, akanunua kipande cha ardhi pale. Thoreau amewaandika hawa kwa heshima, mmoja mmoja. Karibu na daraja la North Bridge kuna Robbins House, nyumba ya watoto wa Caesar Robbins, naye alikuwa mtumwa na akapigana vita vya uhuru wa Marekani. Nenda. Ni ndogo ila usiiruke.

Kitu kingine kilichonishika kilikuwa kwenye duka la vitabu pale kituo cha wageni, siku ya kwanza. Nilikuwa nafunua sura ya mwisho ya kitabu cha Thoreau kuhusu Walden, naangalia tu chapa, jicho likatua kwenye neno Zanzibar. Anasema hakuna maana kuzunguka dunia nzima ili uende ukahesabu paka wa Zanzibar. Nikamwita mdogo wangu, "Njoo uone tumetajwa!" Anamaanisha safari kubwa ni ya ndani ya nafsi yako, usihangaike na bahari. Ila nilisimama na kile kitabu mkononi nikawaza Zanzibar aliijuaje, na nadhani jibu liko karibu sana, ni Salem, bandari ya hapohapo Massachusetts. Marekani ilikuwa na mkataba na Sultani Said tangu 1833, na meli za Salem zilikuwa zinaleta nguo ya pamba iliyofumwa kwenye viwanda vya pande hizo, ndo ile bibi zetu waliiita merikani. Merikani! Neno tunalo mpaka leo. Na pamba ilitoka wapi, ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Kwa hiyo uzi ni mmoja kutoka shamba la mtumwa hadi kiwanda cha Massachusetts hadi bega la mtu wa Pwani, na mwanafalsafa anakaa katikati ya huo uzi anaandika kuhusu paka.

Wapo waliouona huo uzi lakini. Amos Bronson Alcott, rafiki yao, 1843 alianzisha na mwenzake Mwingereza shamba la pamoja mji unaoitwa Harvard (mji, siyo chuo), wakaliita Fruitlands. Hawali nyama, hawanywi maziwa, hawavai pamba kwa sababu ni jasho la mtumwa, hawavai sufu kwa sababu ni ya kondoo, wanavaa kitani. Massachusetts, kitani, Desemba. Lilidumu kama miezi saba. Na kazi nyingi za ile nyumba zilimwangukia mke wa Alcott, Abigail, na watoto, wanaume wakiwa kwenye safari za kuhubiri na mazungumzo marefu. Mi nawapenda kwa kukataa ile pamba, nawapenda kweli, ila imani ya kwamba kila nafsi ni takatifu ilitakiwa ionekane kwanza kwa mama aliyekuwa anabeba ndoo. Binti yao Louisa alikuwa na miaka 10, aliyaona yote. Shamba lao leo ni makumbusho, utahitaji gari kufika. Brook Farm ya George Ripley, 1841 hadi 1847, ilidumu zaidi.

Mjini Concord vitu vya kulipia viwili vinatosha. Orchard House, nyumba ya hao Alcott, utaona dawati dogo ambalo Louisa aliandikia riwaya yake maarufu 1868, limeshikizwa ukutani katikati ya madirisha, na uwanjani lile banda la mbao la shule ya falsafa ya baba yake, 1879 hadi 1888. Aliyetuzungusha humo alikuwa na subira, anajibu kila swali, alituambia mengi pia kuhusu Margaret Fuller, mhariri wa kwanza wa jarida lao la The Dial, ambaye mikutano yake ya mazungumzo kwa wanawake ilianza Boston 1839 na ambaye huwezi kumwelewa Emerson vizuri bila yeye. Na Concord Museum, kule kuna dawati lenyewe la Thoreau, la kijani, na chumba cha kusomea cha Emerson na vitu vyake vyote. Dawati ni dogo kuliko nilivyodhani, rangi imechakaa pale mkono ulipokuwa unalala.

Makaburini Sleepy Hollow hakuna kiingilio. Emerson, Thoreau na hao Alcott wako juu ya kilima kimoja, Emerson chini ya jiwe kubwa jeupe lenye rangi ya waridi kwa mbali, halijachongwa, na Thoreau kijiwe kidogo kimeandikwa HENRY, basi. Watu wamemwachia penseli nyingi kwa sababu familia yake ilikuwa inatengeneza penseli na yeye mwenyewe aliifanya ile kazi. Alikufa Mei 1862, kifua kikuu tena, miaka 44.

Kama unakuja na watoto wadogo waishie ziwani, mjini watachoka. Kama una siku moja tu, ziwa na makaburi, vingine viache. Matembezi ya kuongozwa uliza kwanza kama wanaongelea gereza na utumwa, wakikwepa jibu okoa hela yako utembee mwenyewe. Sisi tumeshapanga kurudi Januari, mdogo wangu anataka kuliona likiwa limeganda na amesema atakuja na kamba. Mlioko Boston mnaotaka kuungana nasi karibuni, treni ya asubuhi kutoka North Station, vaeni viatu vya maana.